Msimbati, Mtwara: Tazama Hii Kabla Hujafunga Safari

Watazamaji wangu, habari zenu. Leo nachambua safari: Msimbati, pwani ya Mtwara vijijini, kule mwisho kabisa wa nchi ambako ukivuka Mto Ruvuma umeshaingia Msumbiji. Wengi mmeniuliza kama inafaa kwenda mbali kiasi hicho wakati Kigamboni na Bagamoyo zipo mlangoni. Jibu nalitoa mapema ili asiye na muda aondoke nalo. Inafaa, tena sana, kama unakwenda kuona viumbe wa baharini. Kama unataka muziki, bwawa na mhudumu wa kukuletea soda kitini, usiende, utaona fedha yako imepotea bure.

Njia kwanza, kwa haraka. Dar mpaka Mtwara ni zaidi ya kilometa 550 za lami. Ukipanda basi alfajiri pale Mbagala Rangi Tatu, jioni uko Mtwara. Wazee wanaokumbuka foleni ya pantoni kule Rufiji kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003 watakwambia safari hii sasa ni raha. Lakini tazama majira: mvua za mwaka 2024 zilikata barabara maeneo ya Somanga, watu wakalala njiani. Ndege za Dar kwenda Mtwara zipo pia. Ukishafika mjini, Msimbati iko kama kilometa 40 mbele. Unapita Madimba, penye mitambo ya gesi. Gesi ya Mnazi Bay, yaani Ghuba ya Mnazi, iligunduliwa mwaka 1982, na tangu 2015 inakwenda Dar kwa bomba. Yaani umeme wa feni yako huenda unatoka upande huu wa Msimbati. Baada ya hapo kuna mchanga, na gari dogo litakusumbua. Tafuta gari la juu, au bodaboda ya kijana wa kwao anayeijua njia.

Mtwara mjini toa fedha taslimu za kutosha, jaza mafuta, nunua maji ya kunywa na dawa ndogo ndogo. Huko mbele usitegemee mashine ya benki, na mtandao unakuja ukijisikia.

Sasa tuje kwenye mali yenyewe. Unapokanyaga Msimbati umo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma. Ilianzishwa mwaka 2000, ina ukubwa wa kilometa za mraba 650, na sehemu kubwa ni maji. Usiifikirie kama Mikumi, kwamba kuna geti na wanyama tu. Humu ndani mna vijiji, mna wavuvi, mna mashamba ya minazi na mikorosho, mna watoto wanakwenda shule. Kuna kiingilio cha hifadhi, unalipa kwa namba ya malipo ya serikali na unapewa risiti. Lipa, na risiti itunze. Ukishapita, salimia watu. Hapa ukimpita mama wa makamo bila shikamoo, usishangae msaada ukichelewa kufika.

Kitu ambacho video nyingi za Msimbati hazisemi ni maji kupwa na kujaa. Mtu anaona picha ya bahari ya buluu imejaa mpaka kwenye minazi, anafika saa nne asubuhi, anakuta bahari imekwenda zake mbali na mbele yake ni mawe na majani. Anaandika kwamba ufukwe mbaya. Ndugu yangu, ufukwe si mbaya, wewe umekuja na bamvua!

Sikiliza vizuri hapa. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, ndiyo bamvua: maji yanapanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3. Pwani yetu hii, siku za bamvua, maji yanakauka mnamo saa nne au saa tano asubuhi na kujaa alasiri. Mwezi ukiwa nusu, ndiyo maji mafu: tofauti ni ndogo, mkondo umelegea, na maji yanajaa asubuhi. Kwa hiyo kabla hujakata tiketi, angalia mwezi. Unataka kuogelea na kutazama matumbawe, nenda maji mafu. Unataka kutembea kwenye mwamba na kuona vilivyojificha, nenda bamvua. Hakuna bei wala hoteli inayoweza kukubadilishia hilo.

Mimi bamvua naipenda kwa sababu ya akina mama wa pweza. Maji yakishatoka, wanashuka na vijiti vyao, wanatembea juu ya mwamba wameinama. Mwamba mzima kwangu ulikuwa mawe matupu. Bibi mmoja akaniita mjukuu wake, akanionyesha tundu dogo lisilotosha hata ngumi. Mlangoni pa tundu palikuwa na takataka: maganda ya chaza, gamba la kaa limepasuliwa, vikokoto vimepangwa kama mtu aliyeziba dirisha. Pweza anakula ndani, anatupa nje, na hayo mabaki ndiyo yanayomsaliti. Akaingiza kijiti taratibu, mkono mmoja wenye vikombe ukatoka ukakishika. Rangi ya mkono ule ilibadilika mbele ya macho yetu, kutoka kahawia ya mwamba kuwa nyeupe yenye madoadoa. Hiyo sehemu nimeiweka kwenye video bila kuikata, itazameni yote.

Hapo hapo utaona kiti cha pweza, yule mnyama mwenye umbo la nyota, wa kila rangi, jongoo bahari, mikunga wadogo kwenye madimbwi. Vaa raba zilizochakaa, usiende peku. Kuna samaki anayefanana na jiwe kabisa, mgongoni ana miba ya sumu, na ukimkanyaga utalia. Usiokote pia konokono wa baharini walio hai, hasa wale wenye umbo la pia ya kuchezea. Wale wana mshale wa sumu ambao umeshaua watu. Na usivunje tumbawe kwa ajili ya kumbukumbu ya sebuleni. Tumbawe ni mnyama, linakua polepole mno, na humu ni kosa kisheria.

Upande wa Ruvula, kwenye ncha ya rasi, matumbawe yapo karibu na ufukwe kiasi kwamba hulazimiki kukodi boti. Beba miwani yako ya maji na mrija kutoka Dar, usitegemee kuazima. Ukitumbukiza uso tu, unakuta pono wanauma mwamba. Utawasikia kabisa, kra, kra, chini ya maji. Pono anatafuna mwamba wa tumbawe kupata mwani, anasaga, kisha anautoa nyuma ukiwa mchanga mweupe. Sehemu ya mchanga huu mnaopigia picha imepita tumboni mwa samaki! Chewa wamejificha chini ya miamba, changu wanapita makundi, na ukibahatika, samaki taa anaondoka mchangani na vumbi lake. Hifadhi hii ina aina zaidi ya 250 za matumbawe na samaki wa aina zaidi ya 400.

Lakini mkondo. Karibu na Ruvula kuna mlango wa bahari wenye kina kirefu, na maji yakianza kutoka yanavuta kwa nguvu. Hakuna mlinzi wa waogaji. Hakuna atakayepuliza filimbi. Muulize mvuvi saa ngapi unaingia na saa ngapi unatoka, na akisema toka, toka. Hapo natoa alama ya chini kabisa kwa usalama, na sitaipamba. Kwa watoto, waache wacheze palipo na kina cha magoti, mtu mzima awe majini pamoja nao.

Nyangumi. Hawa ndio waliowafanya wengi wenu mniandikie, basi tukae nao kidogo. Ni nyangumi wenye nundu, urefu wao unafika mita 15. Wanakula kule bahari baridi ya Antaktika, halafu wanasafiri maelfu ya kilometa kuja kwenye maji yetu ya joto kuzaa na kupandana. Kuanzia Julai hivi mpaka Oktoba wanapita pwani hii, na Septemba unaweza kumwona mama na mtoto wake. Mama katika kipindi hiki hali kitu cha maana, anaishi kwa mafuta aliyobeba mwilini, huku ananyonyesha. Sasa fikiria boti ya mashine inamkimbiza mama huyo ili mteja apate picha. Mimi hapo nakataa. Mweleze nahodha kabla hamjaondoka: mita 100, mashine ipunguzwe, tusikae mbele ya njia yake, na tusiingie kati ya mama na mtoto. Nahodha mzuri atafurahi kusikia hivyo. Anayebisha, tafuta mwingine. Na kila mtu avae jaketi okozi, hata yule anayejua kuogelea tangu utotoni.

Ukikosa nyangumi, usidai fedha zako. Bahari haina mkataba na mtu. Pomboo mara nyingi wanakuwepo, na hao nao si haba.

Sasa nije kwenye jambo ambalo najua litaleta ubishi. Msimbati imesifika kwa jambo moja kuliko yote: mchanga wake mgumu, gari linapita ufukweni bila kuzama. Watu wanakwenda na magari, wanapiga misele pembeni ya maji, wanajirekodi. Naelewa raha yake. Naomba tuiache.

Sababu ni kasa. Tanzania ina aina 5 za kasa wa baharini, na wanaotaga kwenye fukwe zetu ni 2: kasa wa kijani na ng'amba. Jike anapanda usiku, anachimba kwa mapezi ya nyuma, anataga mayai 100 na zaidi, anafukia, anarudi majini na wala harudi tena kulea. Mayai yanakaa chini ya mchanga karibu miezi miwili. Gari likipita juu, mchanga unashindiliwa na watoto wanashindwa kuchimba kutoka. Wakitoka, mtoto wa kasa ana urefu wa kama sentimita 5 tu. Alama ya tairi kwake ni mtaro. Anatumbukia humo, anaufuata kwenda mbele badala ya kwenda baharini, na kaa na ndege wanamsubiri. Taa za gari nazo zinampoteza, kwa sababu yeye hufuata mwanga akidhani ndiyo bahari. Wakati huo jike mmoja anachukua miaka 20, hata zaidi, kabla hajaanza kutaga. Hii pwani ilishaumizwa vya kutosha na baruti za wavuvi, tusije tukaongeza na magurudumu. Egesha chini ya minazi, tembea kwa miguu. Ufukwe ni uleule, na utaona zaidi.

Chakula kinanipa furaha, ila agiza mapema. Mwambie mama lishe asubuhi, ule mchana. Pweza wa nazi na wali, au kolekole wa kuchoma na kachumbari ya ndimu. Mtwara mjini ulizia ming'oko, vile viazi pori vya kuchemsha wanavyouza kwenye mafungu, utafune na chumvi. Korosho nunua kwa watu wa huku huku, utashangaa tofauti ya bei na ladha.

Malazi ni machache na ya kawaida, na wengi hulala Mtwara mjini wakaenda na kurudi. Mimi ningelala Msimbati walau usiku mmoja, kwa sababu ukitoka mjini asubuhi unafika jua limeshapanda. Takataka zako rudi nazo mjini. Kijiji hakina gari la taka, na chupa unayoiacha leo itaingia majini na bamvua inayokuja.

Mikindani mpe nusu siku, iko kama kilometa 10 kabla ya mji. Boma la Wajerumani la mwaka 1895 limekarabatiwa vizuri, na Livingstone alianzia hapo safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866. Mimi zaidi nilipenda milango ya zamani na madau kwenye ghuba.

Mnaouliza wiki ipi hasa: chagua Septemba, mwezi ukiwa nusu. Upepo wa kusi unakuwa umeanza kupungua, asubuhi bahari imetulia, maji yanajaa saa za kuogelea, na nyangumi bado wapo. Mpigie nahodha kabla hujaondoka Dar, mkubaliane bei ya boti nzima, si ya kichwa, na muulize ana majaketi okozi mangapi. Akijibu pungufu ya idadi yenu, muagane hapo hapo.