Mashine ya mayai 56 na mtetea wa kienyeji: uzoefu wangu wa kuangua vifaranga Mishomoroni

Mashine hii niliinunua kwenye agroveti moja upande wa Kongowea. Ni zile za plastiki zinazotoka Uchina: zinabeba mayai 56, zinageuza mayai zenyewe, na zinakubali stima ya ukutani au betri ya volti 12. Nimeitumia kaskazi nimeitumia masika, kwa hivyo nisemayo hapa si ya kubahatisha. Kwa ufupi, inaangua. Lakini aliyeandika kijitabu chake hajawahi kulala Mombasa usiku wa Februari, na ukikifuata neno kwa neno utatupa mayai mengi jaani.

Nianze na maji, maana hapo ndipo watu wengi wa Pwani wanapoikatia mashine tamaa. Kijitabu kinataka ujaze mifereji yote miwili ya maji tangu siku ya kwanza. Kwa mtu wa bara kavu, sawa. Huku kwetu nguo uliyoianika jioni unaianua asubuhi bado mbichi. Yai linatakiwa lipoteze unyevu taratibu, kiasi cha asilimia 12 au 13 ya uzani wake kufikia siku ya 18, ili ile nafasi ya hewa kwenye upande wake butu ikue na kumtosha kifaranga kuvuta pumzi za mwanzo. Maji yakizidi, nafasi inabaki finyu, naye anafia gandani akiwa ameshakamilika. Duru ya kwanza niliyoifanya kwa mujibu wa kijitabu ilinipa wengi wa namna hiyo. Niliyapasua yale mayai uani: kifaranga mzima, kucha zimetoka, manyoya yamelowa chapachapa, na ute umemganda puani.

Siku hizi siku 18 za mwanzo sitii maji hata tone, na kipima unyevu chenyewe husoma asilimia 45, 48, wakati mwingine 50 na ushei. Hicho ndicho kiwango kinachotakiwa. Upepo wa Januari ukikauka sana naongeza kikombe kimoja, basi. Mifereji naijaza siku ya 18, maji ya uvuguvugu, unyevu upande hadi 65 au 70, ndipo utando wa ndani ya ganda usikauke ukamnasa kifaranga anapotoka. Ukitaka uhakika, chukua mizani ndogo ya jikoni uandike uzani wa mayai machache kwa penseli juu ya ganda. Yai la kienyeji lililoingia na gramu 45 linafaa kuwa karibu na 39 au 40 siku hiyo ya 18.

Joto nalo lina mambo yake. Mashine yenye feni inatakiwa ikae kati ya nyuzi 37.5 na 37.8. Kioo cha yangu kilikuwa kikionyesha 37.8 sawasawa, huku kipimajoto cha homa nilichokilaza katikati ya mayai kikisoma karibu digrii nzima juu yake. Kosa la kiwandani hilo, na unalirekebisha kwa kitufe cha mpangilio, ila hakuna anayekwambia dukani. Ukiliacha, vifaranga wanaanza kutoka siku ya 19 vitovu havijafunga, na wengi wao hawafiki juma la pili. Joto likipungua wanachelewa mpaka siku ya 22 au 23, na wanatoka wanyonge.

Tena mashine hii inajua kupasha tu, kupoza haijui. Ukiiweka chumba cha mabati kisicho na dari, mchana wa Machi chumba chenyewe kinakaribia joto la yai, na ukizima hita bado mayai yanaiva. Yangu iko chumba cha ndani chenye dari, mbali na dirisha, juu ya stuli.

Kwenye kugeuza mayai naipa pongezi nusu. Mota haijawahi kunisumbua, lakini vishimo vya trei vimekatwa kwa mayai makubwa ya kuku wa kisasa. Ya kienyeji ni madogo, yanalala ovyo, mengine yanapinduka ncha kali juu. Nimeyafungia vipande vya karatasi ya trei za mayai pembeni na yametulia. Feni nayo skrubu zake zimeshaanza kutu. Hewa ya bahari haina urafiki na chuma.

Stima ikipotea, usikimbilie kufungua kifuniko. Kwa mayai machanga, masaa machache ya ubaridi si msiba, na ubaridi wetu wenyewe ni nyuzi 27 au 28, si wa Limuru kule milimani. Funika kwa blanketi, acha matundu ya hewa. Mayai ya wiki ya mwisho ni kinyume: vifaranga vya ndani vimeshakuwa viumbe vinavyotoa joto lao, kwa hivyo hapo la kuhofia ni kukosa hewa. Betri ya gari iliyochoka, ambayo haikuweza tena kuwasha gari, iliisukuma mashine mpaka alfajiri bila taabu. Hilo ndilo jambo lililonipendeza kuliko yote kwenye bidhaa hii.

Mayai yenyewe nayatoa Kwale kwa mfugaji mwenye jogoo mmoja kwa matetea kama kumi, na navuka nayo feri yakiwa pajani, si kwenye buti la matatu. Yakifika nayalaza usiku mmoja ncha kali chini, yatulie na mtikiso, ndipo yaingie. Watu husema yai linahifadhika wiki nzima. Kwenye ghala la baridi, ndiyo. Ndani ya nyumba ya Mombasa kiinitete, yaani mbegu ya kifaranga, kinaanza kukua nusunusu kuanzia nyuzi 21 hivi, kisha kinadhoofika, kwa hiyo yai lililopita siku nne au tano mimi silinunui. Na yale ya dukani ya kuku wa mayai usijisumbue, hao hawajui jogoo ni nini.

Siku ya saba nayamulika kwa tochi ya simu, chumba giza, yai juu ya kile kibomba cha karatasi ya msalani. Lililo hai linaonyesha mishipa myekundu iliyotambaa kama miguu ya buibui kutoka kwenye doa moja jeusi, na ukitulia unaliona doa likicheza. Lisilo na mbegu ni jeupe tupu. Lenye duara la damu limekufa, litoe kabla halijawa viza likapasukia humo ndani. Atakayenusa hilo mara moja hatarudia kuliacha.

Sasa mtetea. Jirani yangu, bibi mmoja anayefuga tangu mimi sijazaliwa, aliniangalia na mashine yangu akasema, “Mjukuu wangu, hiyo itakuangulia, lakini nani atakulelea?” Kuku wake analalia kwenye karai kuukuu lenye mchanga, jivu na majani ya mwarobaini kwa ajili ya utitiri, mayai kumi na mawili, hayazidi. Radi za masika zikianza hutia na kipande cha makaa chini ya mayai. Nilimuuliza makaa yanafanya nini, akanijibu kwamba mama yake alikuwa akitia. Sikuendelea.

Ukweli ni kwamba kuku wake ananipita kwa asilimia. Mimi nikifanya vizuri napata robo tatu ya mayai niliyoyaweka. Yeye mara nyingi anaacha moja au mawili tu. Hahitaji kipimajoto, anainuka mara moja kwa siku kula na kunywa, anageuza mwenyewe. Shida yake ni mbili: anaatamia anapotaka yeye, si unapotaka wewe, na hawa kuku walioboreshwa, kina Kuroiler na wenzao, hamu ya kulalia wengi wao hawana kabisa. Ukitaka mama, tafuta kienyeji halisi.

Nilichokuja kukipenda ni kuwatumia wote wawili. Mtetea akishakaa kiotani siku mbili tatu bila kuinuka, namwekea mayai machache siku ileile ninayojaza mashine. Wote wanaangua pamoja. Usiku, taa zimezimwa, nachukua vifaranga wa mashine walioshakauka nawasukuma mmoja mmoja chini ya mbawa zake. Ananguruma kidogo, anajipanua, basi. Asubuhi hawezi kutofautisha wa nani ni wa nani. Usijaribu mchana, na usijaribu kwa kuku aliyelalia siku chache, atawadonoa. Kuku mkubwa wa kienyeji ananipashia joto vifaranga kumi na watano hivi bila gharama. Wanaobaki ndio nawawashia balbu, na balbu ndiyo inayokula tokeni za stima kuliko hiyo mashine.

Malezi ya mama yana faida nyingine ambayo mtu wa bara huenda asiielewe: kunguru. Mtaani kwetu kunguru hawa weusi wenye shingo ya kijivu hukaa juu ya mabati wakihesabu vifaranga pamoja nawe. Waliolelewa na balbu wakitolewa nje wanawakodolea macho tu. Wenye mama wanasikia ule mlio wake mmoja wanajificha chini ya mbawa, naye hurukia kunguru hata wawili. Bado nimefunika ua kwa wavu wa zamani wa kuvulia, kwa sababu ushujaa wake una mwisho.

Pointi saba kwa kumi naipa mashine. Mfugaji anayetaka vifaranga kumi kwa mwaka asiinunue, atafute mtetea na karai. Anayetaka makundi ya kupanga, awauze au awapige chanjo ya kideri (Newcastle) wote kwa mpigo, inamfaa, mradi awe na betri na kipimajoto chake. Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji aiwashe mbele yako nusu saa, na umuulize kama anauza feni na kipima joto vya akiba. Kama hana, mshushe bei au nenda duka la pili.