Global Cancer Observatory: tovuti ya kulinganisha saratani za walio bado kazini, nchi kwa nchi

Kwa mtu anayeuliza kwa nini saratani huwaondoa watu mapema upande huu wa dunia kuliko ule, tovuti ya kwanza kufungua ni Global Cancer Observatory. Inaendeshwa na IARC, taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanzishwa 1965 na yenye makao Lyon, Ufaransa. Ni bure na haihitaji kujisajili. Hapa tunaipima sehemu yake moja, Cancer Today, inayobeba makadirio ya GLOBOCAN 2022, mradi wa IARC wa kukadiria saratani duniani, yaliyotolewa Februari 2024: nchi na maeneo 185, aina 36 za saratani, wanaume na wanawake, kwa makundi ya umri ya miaka mitano mitano hadi 85 na kuendelea.

Hukumu yetu tunaitoa mapema. Kwa kulinganisha nchi na nchi, hatujui chombo kingine kinachompa mwandishi wa habari, mwanafunzi wa afya au mpangaji wa bima uwezo huu bila malipo. Kwa kulinganisha mkoa na mkoa, hakifai. Na hata kwenye kazi kinayoiweza, ukikiacha kama kinavyofunguka kitakujibu swali ambalo hukuuliza.

Kinapofunguka kinahesabu umri wote, watoto wachanga hadi wazee wa miaka 90. Saratani nyingi ni za uzeeni, kwa hiyo picha ya walio kazini inamezwa. Nenda kwenye ramani, chagua Incidence ukitaka wagonjwa wapya au Mortality ukitaka vifo, chagua jinsia na aina ya saratani, kisha sogeza kitelezi cha umri. Tanzania mtumishi wa umma hustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55 na kwa lazima akiwa na 60. Kenya nako ni 60. Ukomo wa juu basi ni kundi la 55–59.

Ukomo wa chini ndiko wengi wanakoteleza. Wanaacha kitelezi kwenye 0, wakidhani kuwaongeza watoto hakudhuru kitu. Kunadhuru sana. Kipimo kinachoitwa ASR, yaani kiwango kilichosawazishwa kwa umri, hutumia jamii ya mfano iliyopendekezwa na mtafiti Segi mwaka 1960 na kurekebishwa na mwenzake Doll mwaka 1966, ili nchi zote zipimwe kwa mgawanyo mmoja wa umri. Katika kila watu 100,000 wa jamii hiyo, 12,000 wana miaka 0–4, 10,000 wana 5–9, na makundi ya 10–14 na 15–19 yana 9,000 kila moja. Hao ni 40,000 walio chini ya miaka 20. Wenye 20 hadi 59 ni 49,000. Sasa chukua saratani ya mlango wa kizazi, ambayo chini ya miaka 20 karibu haipo. Ukichagua 0–59, kiwango cha watu wazima kinagawanywa juu ya watu 89,000 badala ya 49,000, na namba inayotokea ni kama asilimia 55 tu ya ile ya 20–59. Ugonjwa haukupungua hata kidogo. Umeongeza watoto kwenye kigawanyo. Anzia 20. Saratani za watoto, kama uvimbe wa Burkitt unaofuata ukanda wa malaria, zitazame peke yake kwa 0–14.

Kosa linalofuata ni kudhani kwamba ukishaubana umri, kiwango ghafi, yaani wagonjwa kugawanywa kwa watu bila kusawazisha umri, kinatosha. Hakitoshi. Ndani ya miaka 20–59 yenyewe, Uganda ina vijana wa miaka ishirini na kitu wengi mara kadhaa kuliko wenye hamsini na kitu. Italia ina wa hamsini wengi kuliko wa ishirini. Kwa kiwango ghafi Italia itaonekana kuumwa zaidi hata pale ambapo mwanamke wa miaka 45 wa Kampala yuko hatarini zaidi kuliko mwenzake wa Milano. Bana umri, na bado chagua ASR. Idadi kamili ya wagonjwa itumie pale unapotaka kujua vinahitajika vitanda vingapi au mashine ngapi za mionzi.

Ukishaiweka hivyo, chagua mlango wa kizazi kwanza, maana ndipo tofauti inapouma. Kwa umri wote, Eswatini inakaribia wagonjwa wapya 96 kwa kila wanawake 100,000 kwa mwaka na Tanzania inakaribia 65, huku wastani wa dunia ukiwa kama 14. Ukishuka kwenye 20–59 pengo hilo halizibiki. Sababu zake zinajulikana. Virusi vya HPV, vinavyosababisha saratani hii, viko kila mahali duniani, lakini mwanamke mwenye VVU ana hatari karibu mara sita, na ramani ya VVU kusini na mashariki mwa Afrika unaiona ndani ya ramani ya saratani hii. Juu ya hapo kuna upimaji. Kipimo chenyewe si cha gharama: mlango wa kizazi unapakwa asidi ya siki ya asilimia 3 hadi 5, mhudumu anasubiri dakika moja, kisha anatafuta doa jeupe lenye mipaka. Linalokwamisha ni kuwafikia wanawake wa miaka 30 hadi 50 kabla dalili hazijaanza, na kuwa na kifaa cha kutibu doa siku hiyo hiyo, kwa sababu anayeambiwa arudi wiki ijayo mara nyingi harudi.

Usitafute matunda ya chanjo ya HPV kwenye toleo hili. Tanzania ilianza kuchanja nchi nzima Aprili 2018, kwa wasichana wa miaka 14. Wa kwanza wao walikuwa na miaka 18 hivi mwaka 2022, na saratani hii hupanda hasa kuanzia miaka ya thelathini. Kenya ilianza Oktoba 2019 kwa wasichana wa miaka 10, kwa hiyo kwake kusubiri ni kurefu zaidi.

Hamia kwenye umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, na ramani inabadilika sura kabisa. Unajitokeza mkanda unaoteremka kutoka Ethiopia kupitia Kenya, Tanzania na Malawi hadi Afrika Kusini, wakati Afrika Magharibi imebaki na rangi hafifu. Huku kwetu kuna wagonjwa ambao hawajafika miaka 40, na hospitali za magharibi ya Bonde la Ufa zimeandika hata wa chini ya 30, umri ambao kwa saratani hii ni ajabu katika nchi nyingi. Tumbaku na pombe hazitoshi kueleza. Watafiti wa ESCCAPE, mradi wa kuchunguza saratani ya umio Afrika, wanaofanya kazi Eldoret, Moshi na Blantyre, wamechunguza pia chai ya moto mno, moshi wa kuni jikoni, pombe za kienyeji na afya ya meno. Kuhusu chai, IARC yenyewe ilitangaza mwaka 2016 kwamba vinywaji vinavyozidi nyuzi 65 za Selsiasi huenda vinasababisha saratani ya umio. Tovuti haikuelezi lolote kati ya haya. Inakuonyesha mkanda, sababu utazitafuta kwingine.

Saratani ya matiti inafundisha jambo jingine: usiangalie wagonjwa wapya bila kubadilisha mara moja kwenda vifo. Katika nchi zenye maendeleo ya juu kabisa, mwanamke 1 kati ya 12 hugunduliwa nayo maishani na 1 kati ya 71 huifia. Katika nchi zenye maendeleo ya chini, anayegunduliwa ni 1 kati ya 27, lakini anayeifia ni 1 kati ya 48. Ramani ya kwanza inaifanya Ulaya ionekane mahali pa hatari. Ya pili inaigeuza. Aliyechapisha moja bila nyingine amesema nusu ya habari, na nusu hiyo inapotosha.

Yapo pia maeneo ambayo rangi nzito haitokani na ugonjwa. Korea Kusini ni mfano ulio wazi. Kati ya 1993 na 2011 wagonjwa wa saratani ya tezi ya shingo waliongezeka mara 15, wengi wakiwa wanawake wa umri wa kazi, na vifo havikusogea. Kilichoongezeka ni vipimo vya ultrasaundi kwa watu wasio na dalili, vikivumbua vivimbe vidogo ambavyo vingi visingewadhuru kamwe. Kinyume chake kiko kwetu: kongosho na ubongo havionekani bila CT skani, kwa hiyo rangi hafifu ya Afrika kwenye saratani hizo usiisome kama afya njema. Titi, mlango wa kizazi na ngozi vinaonekana kwa macho au kuguswa, na huhesabiwa vizuri zaidi. Kabla ya kuilinganisha Tanzania na Ujerumani kwa aina yoyote, jiulize kwanza: saratani hii inagunduliwa kwa kifaa gani, na kifaa hicho kiko wapi?

Kuna mtego wa majina pia. Ukichagua Eastern Africa hupati Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ni mgawanyo wa Umoja wa Mataifa, unaoanzia Eritrea hadi Zimbabwe na Msumbiji, pamoja na Madagaska na Réunion. Malawi, Zambia na Zimbabwe, zenye viwango vya juu mno vya mlango wa kizazi, zimo. Kongo ya Kinshasa haimo, imewekwa Afrika ya Kati. Ukitaka nchi za Jumuiya, zichague moja moja na uzipange kwenye chati ya mihimili. Usizitafutie wastani kwa kujumlisha viwango na kugawa, maana Burundi itapewa uzito sawa na Tanzania.

Udhaifu mkubwa uko chini ya namba zenyewe. Nchi nyingi za Afrika hazina sajili ya saratani, yaani daftari la kila mgonjwa anayegunduliwa, inayofunika taifa zima. Kinachofanyika ni kuchukua sajili za maeneo machache, mara nyingi mijini, kuzipa uzito na kuzitandaza juu ya nchi. Vifo, kwa kukosa vyeti vyenye sababu ya kifo, vinakokotolewa kutokana na wagonjwa wapya. Nchi isiyo na sajili kabisa hupewa wastani wa majirani. IARC haifichi, kuna ukurasa wa vyanzo na mbinu unaotaja kila nchi imekadiriwaje. Lawama yetu ni kwamba ramani yenyewe haitofautishi: nchi iliyohesabu wagonjwa wake na nchi iliyokopa namba kwa jirani zimepakwa rangi ile ile, bila hata mistari ya kutahadharisha. Hilo ni kosa la usanifu, na lingerekebishika kwa urahisi.

Kwa sababu hiyo hiyo usiliweke toleo la 2020 kando ya la 2022 na kutangaza kwamba saratani imepanda. Vyanzo na mbinu vilibadilika katikati, na IARC yenyewe inaonya dhidi ya ulinganisho huo. Mwenendo wa miaka una sehemu yake, Cancer Over Time, inayotegemea sajili zenye historia ndefu. Nchi za Afrika zilizomo ni chache mno.

Sasa mkoa. Humu hakuna Mwanza, hakuna Bomet, na Zanzibar haikutengwa na Tanzania, ingawa Réunion imetengwa na Ufaransa. Hilo linatuumiza kwa sababu tofauti za ndani ni kubwa: Burkitt ni ya Nyanza na Pwani kuliko nyanda za juu za Kenya, na saratani ya kibofu inayoletwa na kichocho cha mkojo hufuata maji yenye konokono. Hapo inabidi uende kwenye sajili zenyewe: Kampala, iliyoanza 1951 na inayohesabu eneo la Kyadondo, Eldoret, Nairobi, Kilimanjaro. Ukisoma ripoti zao angalia kwanza kama ni sajili ya jamii au ya hospitali moja. Sajili ya hospitali ya rufaa inakueleza ni nani aliyeweza kupata nauli. Angalia pia anwani ilivyochukuliwa: mgonjwa aliyetoka Lindi na kufikia kwa shemeji yake Temeke huandikwa wa Temeke, na jiji linaonekana lina saratani nyingi kuliko lilizonazo huku Lindi ikionekana salama. Sajili nzuri huuliza makazi ya kawaida kabla ya kuugua.

Kwenye simu yenye kioo kidogo majedwali ni mapana na yanachosha, na lugha ni ya kigeni tupu. Faili za PDF za kila nchi ni nyepesi kupakua, lakini ni za umri wote, hivyo kwa swali letu hazisaidii. Pakua CSV, faili ya jedwali, baada ya kuweka umri mwenyewe. Tunaipa nyota 4 kati ya 5, na iliyokosekana ni ya ramani isiyotofautisha hesabu na kisio. Ukinukuu namba kutoka humo, iandike na vyote vilivyoizaa: Tanzania, wanawake, miaka 20–59, mlango wa kizazi, wagonjwa wapya, ASR ya dunia, GLOBOCAN 2022, makadirio.