Pizza ya Kukaanga Usiku wa Ubingwa wa Napoli

Wanafunzi wa Kiafrika wanaokuja kusoma Napoli huniuliza ni wapi panapofaa kula pindi timu ya soka ya mji inapotwaa ubingwa wa Italia na barabara zote kufurika watu. Jibu langu ni duka dogo la pizza za kukaanga katika vichochoro vya mtaa wa Quartieri Spagnoli, jirani na mchoro mkubwa wa ukutani wa Maradona, nyota wa zamani wa timu hiyo.

Nililijua vyema usiku wa Alhamisi, tarehe 4 Mei 2023. Napoli ilihitaji pointi moja tu ugenini kwa Udinese. Wenyeji walitangulia kufunga, kisha Victor Osimhen wa Nigeria akasawazisha katika kipindi cha pili, na sare hiyo ya 1-1 ikaleta taji la kwanza tangu 1990, enzi za Maradona mwenyewe. Kipenga cha mwisho kilipolia, fataki zilirushwa hata kutoka kwenye roshani, moshi wa buluu ukajaa vichochoroni, na skuta zikapita zikiwa zimepakia watu watatu watatu. Sisi weusi tulishangiliwa kwa jina la Osimhen kila tulipopita. Bibi mmoja alinishika mashavu kwa mikono miwili akanishukuru huku akilia, na sitausahau upendo ule.

Katika vurugu hizo, duka lile liliendelea kuhudumia watu bila kupandisha bei hata senti moja, jambo linalostahili sifa kubwa. Mpishi hubana kingo za unga kwa vidole, huitumbukiza pizza katika mafuta yanayochemka, kisha huimwagia mafuta juu kwa upawa mpaka iumuke kama andazi. Huliwa ikiwa moto, imefungwa kwa karatasi. Fataki ziliposogea karibu mno, mwenye duka alituingiza ndani, akateremsha mlango nusu na kutugawia maji.

Kasoro iliyoniudhi ni kwamba pizza yao ya kawaida, yenye jibini ya ricotta, huwekwa pia vipande vya nguruwe viitwavyo cicoli, na hakuna anayekutahadharisha. Waislamu waulize kabla ya kulipa. Ipo ya nyanya na jibini ya provola, lakini hukaangwa katika karai lile lile, kwa hiyo anayejiepusha na nguruwe kabisa atafute chakula kwingine. Foleni pia haina utaratibu, na kadi hazipokelewi.

Duka hili nimelipatia nyota nne kati ya tano. Anayekwenda usiku wa namna hiyo achukue fedha taslimu, avae viatu vilivyofungwa kwa sababu ya chupa zilizovunjika, afuatane na wenzake, na asikae nje hadi usiku wa manane, kwani usiku ule mjini Napoli mtu mmoja aliuawa kwa risasi na wengi wakajeruhiwa.