Soketi za kuchomoa kwenye boksi la inkubeta: nimejaribu GX16, XT60 na ile ya kijani

Wakuu, nina boksi la kuendesha inkubeta, ile mashine ya kutotolesha mayai, nililounda mwenyewe hapa Mbeya. Boksi ni lile la plastiki wanalotumia mafundi umeme, ndani kuna bodi, rilei na fyuzi, nje zinatoka waya za betri, hita, feni na sensa. La kwanza waya zote nilizipitisha kwenye matundu nikaziba na gundi ya moto, nikajiona fundi. Mama mmoja wa Tukuyu akalinunua na mashine yake, vifaranga wakatoka vizuri, siku ya kuosha mashine ananipigia, "Mwanangu, hiki kiboksi hakichomoki? Nakwenda nacho bombani?" Aisee niliona aibu.

Nikaanza na GX16, zile za duara za chuma zenye ringi ya kuzungusha, wengine wanaziita soketi za ndege. Nilizunguka Mwanjelwa mpaka Kabwe nikapata mbili tu na hazifanani, nyingine nikaagiza Kariakoo zikapanda basi, asubuhi nazifuata stendi. Hiyo 16 ni kipenyo cha tundu kwa milimita, kwa hiyo unajua kabisa utoboe na biti gani. Ukiishika mkononi ina uzito wake, ukishakaza ringi hata mtoto akijikwaa kwenye waya haitoki. Kwa boksi la plastiki safi sana, ila kwa mbao sahau, nilijaribu kwenye ubao wa nusu inchi, uzi wa soketi ukaishia ndani ya mbao na nati haikuona pa kushika.

Kuchoma risasi, yaani kuunganisha waya kwenye pini kwa pasi ya fundi, ndo mtihani. Vikombe vya pini vimebanana, pini tatu au nne unavumilia, zikiwa nane unahitaji macho ya ujana. Na tafadhali kabla hujachoma PITISHA KAVA KWENYE WAYA KWANZA, mimi nimesahau mara tatu, unamaliza kazi imependeza unageuka unakuta kava linakuangalia pale mezani, unafumua upya.

Sasa hasara. Niliweka GX16 mbili za pini tatu, moja ya sensa, ya pili ya hita na feni, pembeni kwa pembeni, nikaandika kwa maka peni ipi ni ipi. Mama kaosha mashine kwa sabuni na maandishi yakaondoka nayo, akachomeka ya sensa kwenye tundu la hita, ikaingia bila ubishi kwa sababu ni pacha. Sensa yangu ni DHT22, ya kupima joto na unyevu, chakula chake ni volti 3.3 mpaka 5 hivi, ikapigwa 12. Ikafa hapohapo. Kosa si la mama, ni langu mimi niliyemwekea milango miwili inayofunguka kwa ufunguo mmoja. Bahati trei ilikuwa haina mayai, maana bila sensa lile joto la mayai la nyuzi 37.5 ungelilinda kwa kubahatisha, na Tukuyu mwezi wa saba baridi haina masihara.

Kitu kingine ambacho muuzaji hakuniambia, hizi GX16 nilizopata upande wa boksi ndo una pini zilizosimama, upande wa waya ndo una matundu. Maana yake ukiitumia kutoa umeme, ukichomoa waya tu pini zinabaki uchi na volti 12 juu yake, bisibisi ikipita hapo shoti. Kwa sensa si neno. Kwa hita nikaiondoa.

Kwenye hita na betri nikahamia XT, zile za njano walizozoea watu wa droni. Hita yangu ni wati 60 kwa volti 12, yaani ampea 5 mfululizo usiku kucha, GX16 nyingi zinaandikwa ampea 5 mpaka 7 ungekuwa unacheza ukingoni. XT60 inatajwa ampea 60, kwake hiyo ni mchezo. Umbo lake upande mmoja pembe zimekatwa, huwezi kugeuza chanya na hasi hata ukiwa gizani. Betri unaipa yenye matundu, boksi linapokea kwa pini, kwa hiyo upande wenye moto umejificha. Mwanzo hita nayo niliipa XT60, nikashtuka baadaye kwamba waya wa betri unaweza kuchomekwa moja kwa moja kwenye waya wa hita, boksi likarukwa, mayai yakachemka! Hita nikaibadilishia XT30, mdogo wake, haziingiliani kabisa. Kuzichoma, ziunganishe dume na jike kwanza ndo upeleke pasi, la sivyo plastiki inalainika na pini inahama, hasa hizi za bei chee. Malalamiko ya mama ni kwamba XT60 ngumu kuchomoa, na kweli ngumu, mpaka uyumbishe yumbishe.

Terminal ya kijani, ile ya kuchomeka yenye skrubu, nimeiweka ndani ya boksi kwenye bodi na imenifurahisha kuliko nilivyotegemea, haitaki pasi, bisibisi tu. Ila usipake risasi ncha ya waya kabla ya kukaza, risasi ni laini, inabonyea taratibu, baada ya wiki kadhaa skrubu imelegea na hujui kwa nini kunapata joto. Nje ya boksi siishauri, haina kinga.

Jeki ya DC ya feni nilitaka kuipenda kwa sababu ipo kila duka la CCTV. Tatizo kuna za milimita 5.5 kwa 2.1 na 5.5 kwa 2.5, namba ya kwanza ni unene wa nje wa plagi, ya pili ni tundu la katikati, kwa macho ni zilezile. Plagi ya 2.5 inaingia kwenye jeki ya 2.1 halafu inacheza, feni inawaka inazima, niliilaani feni siku nzima kumbe haina kosa.

Umeme wa ukutani wa kuchajia betri sikuugusa na hizi zote. Nimeweka lile tundu la waya wa kompyuta lenye fyuzi yake, basi.

Kilichobaki ni sensa. Nataka GX12 ya pini nne, tundu lake ni dogo, iwe haifanani na chochote kwenye lile boksi. Mwenye nazo Mbeya au hata Iringa aseme bei, sitaki kusubiri mzigo wa Kariakoo tena.