Uzoefu wangu wa kununua viko na tumbaku mtandaoni

Nimekulia Urambo, mkoani Tabora, katika nyumba ambayo tumbaku ndiyo iliyolipa karo ya shule na kununua mabati ya paa. Baba alilima tumbaku ya mvuke, na sisi watoto tulijifunza mapema kulikunja jani kiganjani ili kujua kama limetoka banini, yaani kwenye jengo la kukaushia, likiwa kavu mno au bado lina unyevu wa kutosha kufungwa robota. Babu alikuwa mvutaji wa kiko, na kwake kila sehemu ya kiko ilikuwa na jina ambalo siku hizi silisikii sana: bori ni pale panapotiwa tumbaku, digali ni mrija unaotoka kwenye bori, na shilamu ni kipande kinachokwenda mdomoni. Kwa sasa naishi Columbus, katika jimbo la Ohio nchini Marekani, na kwa miaka sita nimekuwa nikinunua viko na tumbaku kwa njia ya mtandao, kwa sababu maduka ya jirani yamejaa sigara za kawaida na za kielektroniki, na ukimuuliza muuzaji habari za tumbaku ya kiko anakuonyesha mfuko mmoja uliokaa rafuni hadi ukakauka. Ninaandika kwa ajili ya watu wazima ambao tayari wanavuta. Kwa asiyevuta sina la kumshawishi, maana madhara ya tumbaku yanajulikana, na kiko hakiyaondoi.

Kiko changu cha kwanza nilikinunua kwa muuzaji mmoja katika soko la mtandaoni linalouza kila kitu, kuanzia sufuria hadi viatu. Picha ilionyesha mbao yenye mistari iliyopanda kama miali ya moto. Kilichofika kilikuwa kiko kingine kabisa, chenye matundu yaliyozibwa kwa lami na kupakwa rangi juu yake, na shilamu yake ilicheza ukiigusa tu. Niliandika mara nne, na mara zote nne nilijibiwa kwa maneno yale yale, ya kunishukuru kwa uvumilivu wangu. Fedha zilirudi wiki ya tano, zikiwa zimekatwa gharama ya posta. Tangu siku hiyo kipimo changu cha duka kimekuwa kimoja: je, anayenijibu anakijua anachokiuza, na je, ataniambia ukweli hata pale ukweli huo unapompotezea mauzo?

Duka la kwanza lililofaulu kipimo hicho ni Smokingpipes, lililoanzishwa mwaka 2000 na ambalo makao yake yako katika jimbo la South Carolina. Kilichonivuta kwanza ni jinsi wanavyoonyesha bidhaa. Kila kiko kinapigwa picha zake chenyewe, pande zote, na kile unachokiona kwenye picha ndicho kitakachofungwa na kutumwa kwako. Chini ya picha utakuta urefu, uzito kwa gramu, pamoja na kina na upana wa bori. Asiyevuta kiko anaweza kudhani hayo ni mapambo, lakini viko vingi vizuri huchongwa kutoka katika mzizi wa mti wa braya unaoota katika nchi zinazoizunguka bahari ya Mediterania, na hakuna mizizi miwili inayofanana. Viko viwili vya umbo moja na bei moja vinaweza kutofautiana kwa uzito kiasi cha kuusikia kwenye meno. Mimi nina taya inayochoka upesi, kwa hiyo kiko cha gramu 70 sikiwezi, na kujua hilo kabla ya kulipa ni nafuu kubwa.

Nilikuwa nimekipania kiko cha Peterson, kampuni ya Dublin nchini Ireland, kile cha mtindo wanaouita System, uliopatiwa hataza mwaka 1890. Ndani ya digali lake kumechimbwa kisima kidogo chini ya njia ya moshi, ili unyevu udondokee humo badala ya kupanda hadi ulimini, na shilamu yake ina tundu linaloelekea juu, hivyo moshi unakwenda kwenye kaakaa bila kuuchoma ulimi. Nilichagua cha bei kubwa chenye pete ya fedha, lakini kabla ya kulipa niliwaandikia kuuliza kama kitafaa kwa tumbaku ya Latakia, ambayo ni tumbaku iliyokaushwa kwa moshi na yenye harufu inayokaribia ile tumbaku ya moshi ya Songea.

Jibu lilikuja siku hiyo hiyo, na lilikuwa limeandikwa na mtu aliyeisoma barua yangu. Alinieleza kwamba Latakia huacha harufu yake ndani ya mbao kwa muda mrefu, na kwamba mtu ambaye bado hajajua kama ataipenda asianze nayo katika kiko cha bei hiyo. Akanishauri ninunue kwanza kiko cha gunzi la mahindi, kinachotengenezwa na Missouri Meerschaum katika mji wa Washington, jimbo la Missouri, kampuni ambayo imekuwa katika kazi hiyo tangu mwaka 1869. Bei yake haikufika hata sehemu ya kumi ya kile nilichokuwa nimekichagua. Akaongeza kwamba nikiona bado naitaka Peterson, basi hata toleo la kawaida lisilo na fedha lina kisima kile kile na tundu lile lile. Kampuni inayomiliki duka hili, Laudisi, ndiyo iliyoinunua Peterson mwaka 2018, kwa hiyo mtu angetazamia wanisukumie bidhaa ya nyumbani kwao, tena ile ya ghali. Badala yake walinielekeza kwenye gunzi. Nilivuta gunzi lile kwa miezi mitatu, nikagundua kwamba Latakia naipenda jioni tu, na ndipo nikarudi kununua Peterson ya kawaida, ambayo hadi leo ndiyo ninayoishika kila siku.

Mara moja kosa lilikuwa langu. Niliagiza pakiti tatu za vichujio vya milimita 9, wakati kiko nilichokuwa nacho, Savinelli ya Italia, kinatumia vichujio vya mbao ya balsa vya milimita 6. Niligundua usiku, na asubuhi nikapiga simu. Mama mmoja alipokea bila kunipitisha kwenye mlolongo wa kubonyeza namba, akaniuliza umbo la kiko, akanisomea kipimo chake, akabadilisha agizo kabla halijafungwa, na tofauti ya bei ikarudi kwenye kadi yangu. Mazungumzo yote hayakuzidi dakika nne.

Niseme pia kwamba wanahakiki umri wa mnunuzi, kwa kuwa sheria ya Marekani tangu Desemba 2019 inakataza kumuuzia tumbaku aliye chini ya miaka 21. Niliombwa kitambulisho mara ya kwanza, nikakitoa, na sikuona usumbufu wowote katika hilo.

Duka la pili ni dogo, la familia, na mwenye duka ndiye anayepokea simu, anayefunga vifurushi na anayeandika barua. Kwake nilinunua kopo la tumbaku ya Virginia iliyoshindiliwa na kukatwa vipande bapa. Lilifika likiwa limebonyea ubavuni, na nilipolifungua sikusikia ile sauti fupi ya hewa kuingia ambayo kopo zima hutoa. Nikachukua kipande kimoja, nikakikunja kama baba alivyotufundisha, nacho kikavunjika na kuwa unga vidoleni. Niliandika usiku ule nikaambatanisha picha mbili. Saa moja asubuhi nilikuta jibu: kopo jingine lilikuwa njiani, na lile bovu hakulihitaji. Ila hakuishia hapo. Alinielekeza niitandaze ile tumbaku kavu katika bakuli pana, niifunike kwa kitambaa kilicholoweshwa na kukamuliwa vizuri, kitambaa kisiguse majani, niiache usiku kucha huku nikiigeuza mara moja, kisha niifungie kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko wa kubana. Akanionya nisizidishe maji, kwani jani lililolowa hufanya ukungu, na hilo mtoto yeyote wa Urambo angemthibitishia. Tumbaku ikarudi hai. Nilimwandikia kwamba sasa nina makopo mawili na nikataka kulipia la pili, akakataa.

Kwa huyu ndipo nilipopata kitu ambacho sikutarajia kukipata Marekani. Anauza pia viko vilivyowahi kutumika, ambavyo huvisafisha na kuving'arisha upya. Siku moja nilimuuliza kama amewahi kukutana na viko vya Arusha. Zamani kulikuwa na kampuni iliyoitwa Tanganyika Meerschaum Corporation, iliyotengeneza viko kwa kutumia mershamu, jiwe jepesi lililochimbwa upande wa Amboseli, karibu na mpaka wa Kenya na Tanzania. Viko hivyo vilipigwa chapa ya neno Kiko, pamoja na tembo. Alijibu kwamba vimepita mikononi mwake vingi, vingine vikiwa vimefunikwa ngozi, na akauliza kwa nini ninavitafuta. Nikamwambia mimi ni wa huko, na kwamba neno lile lililopigwa chapa si jina la mtu wala la mahali, bali ndilo jina la kifaa chenyewe kwa Kiswahili. Alikuwa ameviuza kwa miaka mingi bila kulijua hilo, na alifurahi kwa namna iliyoonekana wazi hata katika maandishi.

Ilipita miezi minane. Kisha akaniandikia kwamba amepata kimoja, kilichofunikwa ngozi ya kahawia, bori lake likiwa limetandikwa mershamu kwa ndani. Hakunitumia kiungo cha kulipia. Alinitumia picha saba, na mbili kati yake zilipigwa kwa makusudi mahali penye kasoro: alama za meno karibu na ncha ya shilamu, na mshono wa ngozi uliolegea upande wa chini. Akaandika kwamba ameona mstari mwembamba ndani ya bori na hana uhakika kama ni ufa au ni mkwaruzo wa kisu cha aliyekitumia kwanza, kwa hiyo nisilipe chochote hadi akisafishe na kukitazama kwa taa. Baada ya siku tano alinipigia simu. Ulikuwa mkwaruzo. Bei aliyonitajia ilikuwa chini ya ile aliyoifikiria mwanzo, kwa sababu ya ule mshono, na mimi sikuwa nimeomba punguzo.

Kifurushi kilipofika nilikifungua juu ya meza ya jikoni. Kiko kilikuwa kimefungwa kwanza kwa karatasi laini, kisha kwenye mfuko wa kitambaa, kisha kwenye boksi lililowekwa ndani ya boksi jingine, na shilamu ilikuwa imechomolewa ili isibanwe wakati wa safari, pamoja na kikaratasi cha kunielekeza niirudishe kwa kuizungusha polepole, kwa mwelekeo mmoja, kiko kikiwa kimepoa. Nilikigeuza nikamwona yule tembo. Ngozi ilikuwa laini kama kiganja cha mzee. Kwa uzito kilikuwa chepesi kuliko nilivyodhani, na nilikaa nacho mkononi kwa muda mrefu kabla ya kukitia tumbaku.

Yapo yasiyonifurahisha katika maduka yote mawili. Gharama ya posta huumiza ukiagiza kopo moja tu, kwa hiyo ninalazimika kusubiri hadi mahitaji yafike manne au matano. Tumbaku zinazotafutwa sana, kama zile za Esoterica, huisha karibu mara tu zinapotangazwa, na mwenye kazi ya mchana kama mimi hazipati. Hata hivyo, duka dogo huweka kikomo cha makopo kwa kila mnunuzi, nami naona ni haki, kwani bila hivyo mtu mmoja angezoa yote na kuyauza kwa bei maradufu.

Kwa anayetaka kuanza kununua, ningemshauri aandike kabla ya kulipa, aeleze anavuta nini, mara ngapi kwa siku, na ana kiasi gani cha fedha, kisha alisome jibu kwa makini. Duka ambalo jibu lake lingeweza kutumwa kwa mteja mwingine yeyote bila kubadilishwa neno, alipite.

Mwezi ujao ninampelekea yule mwenye duka dogo kile kiko cha Arusha ili aushone upya mshono wa chini na kuzisugua zile alama za meno. Bei ameshaniambia kabla sijauliza: dola 35, pamoja na posta ya kukirudisha.