Paka anakula mbio kisha anarudisha chakula: Nairobi ununue nini, na nini uachie wenye duka

Nianze na jibu kabisa juu najua wengine wenu mnasoma hii mkiwa kwa matatu na bando inaisha: nunua trei ya kuoka keki ndogo, ile ya vikombe sita, mwagia chakula ya paka kidogo kidogo kwa kila kikombe, na umlishe mara tatu ama nne kwa siku badala ya mara moja. Kwa paka wengi stori inaishia hapo. Kama bado uko, basi tuongee hizo vitu zingine zote zinauzwa na picha ya paka mnene amekaa kwa kochi jeupe, gani inafaa na gani ni ya kumaliza mshahara.

Lakini kabla hujatoa pesa angalia vizuri kile kinatoka. Paka aliyekula mbio anamaliza, anatembea hatua mbili tatu, anainamisha kichwa na chakula inarudi tu bila fujo, punje bado ni nzima, zimelowa kidogo na zimeshikana kama soseji. Mara nyingi ndani ya dakika chache, na saa zingine anageuka anataka kuikula tena. Kutapika kwenyewe ni kitu ingine, tumbo linajikaza, mbavu zinapanda na kushuka, anatoa ile sauti inakuamsha usingizini hata ukiwa chumba ingine, halafu kinachotoka ni maji ya njano, povu, nywele ama chakula iliyosagika. Hiyo ya pili hakuna bakuli itatibu.

Kwa hivyo kama kuna damu, ama anatapika mara kadhaa kwa siku, ama amekataa kula siku nzima, ama anajificha chini ya kitanda na hataki kuguswa, funga simu umpeleke kwa veti. Paka mzee wa miaka kumi kwenda juu ambaye anakula kama kawaida ama hata zaidi, anatapika, na bado anakonda, huyo anahitaji kupimwa damu, inaweza kuwa thairoidi, ile tezi ya shingoni, inaweza kuwa figo. Ukiona uzi unatokea mdomoni ama kule nyuma usiuvute hata kidogo, unaweza kukata utumbo. Na tafadhali Panadol ya binadamu isikaribie paka, nusu tembe inatosha kumuua, sijui nani alianzisha hiyo maneno ya "mpe kidogo tu atulie". Kliniki ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Nairobi iko pale Kabete kama huna veti wa karibu. Dawa ya minyoo pia, kama hukumbuki ni lini alipewa mwisho, anza hapo juu ni bei rahisi kuliko kila kitu nitataja hapa chini.

Sasa, kwa nini anakula mbio? Paka akijitafutia mwenyewe anakula vitu vidogo vidogo mara nyingi kwa siku, panya hapa, mjusi pale. Sisi tunatoka Kasarani saa kumi na moja na nusu, tunarudi saa mbili usiku Thika Road ikiwa imesimama, tunamwaga sahani moja kubwa na kusema kula. Akiwa ni paka aliokotwa mtaani ambaye alizoea kunyang'anywa, hapo ndio kabisa, anameza bila kutafuna. Kwa hivyo kitu chochote utanunua kinafaa kufanya moja kati ya mbili: kutawanya chakula, ama kuigawanya kwa masaa. Kama hakifanyi hata moja, ni pambo.

Namba moja: trei ya keki

Ingia Kamukunji kwa hizo maduka za vyombo, ama supamaketi yoyote kubwa pale kwa sufuria. Ya vikombe sita inatosha paka mmoja, na mia tatu hadi mia sita hivi ndio bei ya kuongelea. Kastoma, unaoka za biashara? Utaulizwa hivyo, sema ndio. Ukisema ni ya paka bei inapanda, juu watu wanajua mwenye kununulia paka vyombo hana shida ya pesa.

Chukua ya chuma, si ya silikoni. Silikoni ni nyepesi, paka akiweka mguu inakunjika na anafukuza chakula jikoni mzima. Ya fundi wa mabati pale nje ni poa pia na ni ngumu kuliko ya dukani, lakini pitisha kidole polepole kwa kona zote kabla ulipe, kama inakukwaruza wewe itamkata ulimi yeye.

Vile inafanya kazi ni rahisi. Kwa bakuli ya kawaida kichwa kinaingia na hakitoki mpaka chini kuonekane. Kwa trei anapata punje saba nane, kikombe kinaisha, lazima ainue kichwa, asogee, atafute kingine, ashushe kichwa tena, na kila mara akiinua kichwa ile amemeza inashuka. Zile zimebaki kwa kona ya kikombe anajaribu kuzitoa na mkono. Ukiwa unampa chakula laini weka kijiko kimoja na ukifinye chini ya kikombe, itashika na atailamba badala ya kumeza. Kitu moja tu: kiasi cha siku kisiongezeke. Watu wanaona vikombe sita wanajaza vyote mpaka juu, halafu wanashangaa paka amekuwa mviringo na bado anarudisha.

Kama hata mia tatu haipo, okota trei ya mayai ya karatasi, ile ya mayai thelathini, kata nusu. Inafanya kazi sawasawa kwa chakula kavu. Kwa omena usijaribu, karatasi inalowa, inanuka, na mende za ploti nzima zitahamia kwako. Akianza kuitafuna karatasi tupa uweke ingine, mama wa mayai anazo kibao.

Namba mbili: bakuli ya matuta

Hii ndio ile bakuli iko na vilima ndani ya kuzuia mdomo. Onlaini tafuta slow feeder ndio utazipata. Za plastiki ziko kuanzia kama mia tano, za seramiki zinapita elfu moja. Ni nzuri kweli, inakaa pahali moja, haina vikombe sita vya kuosha, na mtu wa nyumba hatakuuliza kwa nini paka anakula kwa trei ya keki yake.

Shida ni kwamba nyingi zinazoletwa huku ni za mbwa. Niliwahi kuagiza moja imeandikwa ya paka waziwazi, raida akaleta kitu German Shepherd angeshiba nayo, na muuzaji akaniambia eti "paka atazoea". Hatazoea. Pua ya paka ni fupi, matuta yakiwa marefu na njia nyembamba hafikii chakula, anakasirika, anapindua. Tafuta matuta ya chini, kama sentimita mbili hivi, yenye kona za mviringo na nafasi pana kati yake. Kama paka wako ni wa uso bapa kama Persian, ruka hii kabisa, rudi kwa trei ama sahani pana ya kawaida.

Ongeza pesa uchukue seramiki. Ya plastiki inateleza kwa tailisi, inakwaruzika, na kwa hiyo mikwaruzo uchafu unakaa, paka wengine wanatoka vipele vyeusi chini ya kidevu. Na iwe yenye unaweza kuosha, ingiza kidole kati ya matuta kabla ununue, kama kidole hakiingii sponji pia haitaingia.

Ya bure ya kundi hili: jiwe la mviringo lililochemshwa, kubwa kushinda mdomo wake, katikati ya bakuli ulilonalo. Azunguke jiwe. Haipendezi kwa macho lakini inasaidia.

Namba tatu: mashine ya kujilisha

Hii ningeiweka namba moja kwa mtu mmoja tu, yule anatoka asubuhi na hakuna mtu nyumbani mpaka usiku, juu hapo shida si bakuli, shida ni masaa. Unaiambia itoe kidogo saa moja, saa tano, saa tisa, saa moja jioni. Bado atameza kwa kasi lakini anameza kidogo, na kidogo hakirudi.

Bei ndio inafanya ishuke. Za kawaida huwa ni elfu kadhaa, zenye kamera zinapaa mpaka unajiuliza kama ni paka ama ni mtoto wa shule ya kulipia. Kamera sioni kazi yake. Kitu ya kuuliza muuzaji ni moja: inaingiza betri? Stima ikipotea mchana mzima na mashine ni ya waya peke yake, paka amelala njaa na ukirudi anakula vya siku nzima mara moja, umerudi pale pale. Uliza pia kama ratiba inabaki ndani ya mashine wifi ikizima, nyingi zinabaki, lakini mwambie akuonyeshe, azime wifi mbele yako. Na nyingi ni za chakula kavu tu, punje zikiwa kubwa zinakwama kwa mdomo wake, kwa hivyo beba kiganja cha chakula unayotumia uijaribu pale dukani. Muuzaji akikataa, hiyo ni jibu.

Namba nne: mkeka wa kulamba

Silikoni yenye vijinundu, unapaka chakula laini juu, anailamba. Kwa paka wa chakula ya kopo ama ya pakiti laini inashinda bakuli ya matuta. Kwa punje kavu haina maana yoyote. Nunua yenye vikombe vya kufyonza chini, ishike sakafuni. Kuosha ndio adhabu, weka mswaki mzee kando kwa hiyo kazi, na ukiona ameng'ata kipande tupa, silikoni tumboni ni opareshoni.

Namba tano: mipira na michezo ya chakula

Mpira unasukumwa unatoa punje moja moja. Kwa paka wa ghorofa ambaye hatoki nje ni kitu ya maana, anapunguza boredom na kitambi. Lakini kwa tailisi, saa tisa usiku, jirani wa chini atakupigia kelele. Usinunue hata, chukua chupa ya soda ya nusu lita, ioshe, toboa mashimo mawili makubwa kidogo kushinda punje, lainisha kingo na kijiko cha moto.

Hii ni namba tano juu ya sababu moja: si kila paka ana subira. Wengine wanaisukuma mara mbili, wanaiangalia, wanaenda kulala na njaa. Na paka, hasa mnene, akikaa bila kula siku mbili tatu mafuta yanaweza kujaa kwa ini na hiyo ni ugonjwa wa kuua. Kwa hivyo usimwachie mpira pekee kama chakula yote ya siku, anza na nusu, uangalie kama anakula kweli.

Za kuacha dukani

Bakuli ya kusimama kwa miguu, ile ya kuinua chakula juu. Veti akisema paka ana shida ya koo, sawa, inasaidia. Kwa paka mlafi tu anakula mbio vile vile, ila akiwa amesimama vizuri.

Chakula ya "tumbo nyeti" ya bei kali, ununue veti akikuambia. Na hata ukibadilisha chakula yoyote changanya ya zamani na mpya kwa wiki moja hivi ukiongeza polepole, ukibadilisha ghafla utamfanya atapike na utalaumu kasi yake bure. Wenye omena, ioshe mchanga utoke, ichemshe, na uipe kama omena, si vijiko vitatu vya ugali na omena mbili za harufu. Paka ni mla nyama, ugali unamjazia nafasi tu. Maziwa nayo wengi wakishakuwa wakubwa hayawakubali tumbo, wengine ndio wanatapikia hapo na mwenyewe anatafuta bakuli mpya.

Halafu kuna ile bakuli inasoma chipu ya shingoni, inafunguka kwa paka mmoja na kumfungia mwingine. Ni kitu safi kabisa kwa wenye paka wawili wanaoibiana, na ushindani ndio unafanya wengi wakule mbio. Lakini inatoka nje na bei yake inalipa rent ya bedsitter. Kama una paka wawili, mmoja ale sebuleni, mwingine bafuni, mlango umefungwa, dakika ishirini, kisha utoe sahani zote mbili kabla ufungue.