Pampu ya kuongeza presha ya shawa: ipi ununue kama nyumba yako ina simtanki

Kabla hujatoa hela, pima kwanza. Fungua kichwa cha shawa ukitoe, kinga ndoo ya lita 10 na uangalie saa. Ndoo ikijaa ndani ya dakika moja lakini shawa bado inadondosha, huenda kichwa kimeziba kwa chokaa: kiloweke kwenye siki usiku kucha. Isipojaa, kagua koki zote kuanzia kwenye tanki, maana mara nyingi kuna iliyofungwa nusu.

Hesabu yenyewe ni hii: kila mita moja kutoka usawa wa maji hadi kwenye kichwa cha shawa hukupa bar 0.1 (bar ni kipimo cha presha). Mnara wa mita 3 unaonekana mrefu, ila shawa iko mita 2 juu ya sakafu, kwa hiyo tanki likikaribia kuisha unabaki na bar 0.1 tu. Shawa nzuri inataka kama bar 1. Mnara wa kukupa hiyo ni ghali kuliko pampu yoyote iliyotajwa hapa.

1. Pampu ndogo inayofungwa kwenye bomba lenyewe la kwenda shawa, wati 100 hadi 120. Kwa bafu moja au mawili, anza na hii. Ina kelele kidogo, inaongeza kama bar 1, na inajiwasha yenyewe maji yakianza kutembea. Sharti lake: tanki liwe juu ya shawa, kwa sababu swichi yake haiwaki mpaka maji yatiririke yenyewe kwanza. Fuata mshale wa mtiririko, na shafti ya mota ilale mlalo. Ikisimama wima, hewa hujikusanya ndani, beringi zinazolainishwa na maji hukauka na pampu huanza kulia. Swichi iache kwenye otomatiki. Ukiiweka iwake muda wote, inazungusha maji yaleyale koki zikiwa zimefungwa, na inaungua.

2. Pampu ya HP 0.5 yenye kidhibiti cha otomatiki. Hii ni ya nyumba nzima, au tanki lililo chini. Kidhibiti huzima maji yakiisha, jambo linalookoa pampu. Vingi huwasha presha ikishuka hadi bar 1.5, kwa hiyo koki ya juu kabisa isizidi mita 15 juu ya kidhibiti, la sivyo uzito wa maji yaliyo bombani utakizuia kuwasha. Pampu ikijiwasha kila baada ya dakika chache usiku, tafuta choo kinachovuja. Mchanga ndio adui yake mkubwa: funga chujio kabla ya pampu.

3. Pampu yenye tanki la presha la lita 24. Haiwaki kila unaponawa mikono, ila kati ya hizo lita 24 unatumia chache tu kabla haijawaka tena. Presha ya hewa ndani ya tanki hilo iwe bar 0.2 chini ya presha ya kuwasha. Ipime kwa geji ya matairi tanki likiwa halina maji. Ongeza boya la kuzima maji yakiisha.

4. Pampu ya inveta, yaani inayobadilisha kasi ya mota kufuata maji yanayotumika. Presha yake haiyumbi hata koki tatu zikifunguliwa. Tatizo ni kadi yake ya kielektroniki, ambayo umeme unaopanda na kushuka huiua. Usinunue bila kifaa cha kulinda umeme na duka la karibu lenye vipuri.

Yoyote utakayochukua, usiifunge moja kwa moja kwenye bomba la mamlaka ya maji. Inanyonya maji ya majirani, na uchafu huingia kupitia nyufa za bomba. Mwambie fundi aweke yunioni (viungo vinavyofunguka ili pampu itoke bila kukata bomba) pande zote mbili, waya wa ethi, na njia ya pembeni yenye valvu ya kuzuia maji kurudi, ili umeme ukikatika maji yaendelee kushuka kwa uzito wake.

Wenye hita ya sola ya mirija ya vioo isiyo ya presha wasisukume maji kuingia kwenye hita: tanki lake litapasuka. Pampu ikae baada ya hita, na iwe imeandikwa kuwa inahimili maji ya moto.